Mdaiwa Bado Ana Hiari

Kuna swali ambalo mwandishi Mmarekani Jim Butcher amekuwa akilizunguka tangu alipotoa Storm Front, riwaya yake ya kwanza ya Harry Dresden, mwaka 2000: mtu aliyekwisha kujifunga kwa ahadi mbaya, je, bado yuko huru? Wengi huzisoma riwaya hizo kwa ajili ya mapigano na visa vyake. Mimi nimezirudia kwa sababu ya swali hilo. Nimefika umri wa kuona watu ninaowapenda wakijifunga kwa ahadi za namna hiyo, na jibu analolitoa Butcher polepole, kitabu baada ya kitabu, nimelihitaji katika maisha yangu mwenyewe.

Harry ni mchawi anayeishi Chicago, jiji lenye polisi, majambazi na baridi kali ya Ziwa Michigan. Hajifichi, kazi yake ameitangaza katika kitabu cha simu, na watu humkodi kama mpelelezi. Nyuma ya jiji hilo kuna ulimwengu mwingine wa wanyonya damu, malaika walioanguka, na viumbe wa hekaya za kale za Ulaya waitwao Sidhe, wenye malkia wao. Hawa Sidhe wana sifa moja ya kushangaza: hawawezi kutamka uongo. Na bado ukiwasikiliza ovyo umekwisha. Wanakupa kweli moja, wananyamazia ya pili, kisha wanakuacha umalizie mwenyewe kwa tamaa yako au kwa hofu yako.

Hilo ndilo la kwanza lililonifikirisha. Tumezoea kumpima mtu kwa kuuliza kama alichosema ni kweli. Malkia Mab, mtawala wa Baraza la Majira ya Baridi, angefaulu kipimo hicho kila siku, na bado angekutoa mikono mitupu. Udanganyifu wake umo katika kile anachojua kwamba hukukiuliza. Nani asiyekutana na kweli za aina hiyo? Mkataba unasomwa haraka, sahihi inatakiwa leo leo, kila neno ndani yake ni sahihi, na anayekusomea anajua kabisa kwamba hujaelewa. Mtu wa namna hiyo hajasema uongo hata mmoja, lakini amekuibia nafasi ya kuchagua, na hiyo ndiyo mali yenyewe.

Tazama jinsi Harry alivyoingia katika madeni yake. Alikuwa kijana yatima, akimkimbia mlezi wake Justin DuMorne, aliyemfundisha uchawi kisha akataka kuitawala akili yake. Akiwa hana pa kushika, alipatana na Leanansidhe, mama yake wa ubatizo kutoka kwa wale Sidhe: apewe nguvu za kumkabili Justin, naye awe mali yake. Mfa maji haachi kutapatapa. Katika riwaya hizi sioni mapatano hata moja ya aina hiyo yanayofanywa na mtu aliyeshiba na kutulia. Anayenunua hiari za watu husubiri mpaka shida imbane mwenzake, halafu humjia na uso wa msaada. Tukilijua hilo, tutaacha kuwaona walioingia mikataba mibaya kuwa ni wajinga, na tutaanza kuuliza walikuwa wapi watu wao siku ile walipokuwa wakizama.

Katika Summer Knight, riwaya ya mwaka 2002, deni lile linauzwa. Mab analinunua, kisha anamjia Harry kudai. Anataka amtimizie maombi matatu ndipo awe huru. Harry amebanwa kila upande, lakini kabla ya kukubali anaweka masharti: yeye ndiye atakayechagua ombi lipi alitimize na lipi alikatae, na asiadhibiwe kwa kukataa. Ni mdaiwa, tena mdaiwa wa malkia, na bado anakumbuka kwamba kinywa ni chake. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba hiari ni kitu ambacho mtu anacho chote au hana kabisa. Harry alinifundisha kwamba hata hiari iliyobaki kidogo yafaa ilindwe, kwa sababu kesho utaitegemea hiyo hiyo.

Mtihani mkubwa unakuja katika Changes ya mwaka 2010. Harry anagundua kwamba ana binti, Maggie, ambaye hakuwahi kumjua, na kwamba wanyonya damu wa Baraza Jekundu wamemteka wakataka kumtoa kafara Chichén Itzá, kule Meksiko. Katika mbio za kumtafuta, nyumba anayoishi inateketezwa, anaanguka akiokoa majirani, na mgongo unavunjika. Amelala, hajiwezi, saa zinakwenda. Mwishowe anamwita Mab na kukubali kile alichokikataa kwa miaka: kuwa Shujaa wa Majira ya Baridi, mtumishi wake wa kuua. Anamwokoa binti yake, kisha anapigwa risasi.

Ukweli wa risasi ile unafunuliwa katika Ghost Story, mwaka uliofuata. Harry mwenyewe ndiye aliyeipanga. Kabla ya kumwita Mab alimwajiri Kincaid, muuaji wa kulipwa, ammalize kabla hajageuzwa kuwa zimwi, kisha akamwomba Molly, msichana aliyekuwa mwanafunzi wake, amfutie kumbukumbu ya mpango huo. Na alifika huko kwa sababu alipokuwa amelala hajiwezi, malaika mmoja aliyeanguka alimnong’oneza uongo wa maneno saba tu, kwamba yote yaliyotokea yalikuwa kosa lake.

Hapo ndipo nilipokiweka kitabu chini kwa muda. Mapatano na Mab, ambayo Harry aliyaogopa kwa miaka, hayakumvunja. Kilichomvunja ni sauti iliyomhukumu wakati hana nguvu ya kubisha. Uongo ule haukumlazimisha kufanya lolote. Ulimfanya aamini kwamba hakuna jema lililobaki la kuchagua, na mtu akiamini hivyo, hiari yake hufungwa bila mnyororo. Tena haukuishia kwake. Molly, aliyetii ombi la mwalimu wake, tunamkuta amevaa matambara, akilini mwake hamna utulivu, amebeba siri ambayo hakustahili kuibeba. Anayejiona amekwisha hudhani anajiondoa peke yake, kumbe huwakokota waliomshika mkono.

Malaika Uriel ana nguvu zisizoelezeka, lakini katika ulimwengu huu haruhusiwi kumchagulia mwanadamu. Kwa kuwa upande wa pili umevunja sheria kwa uongo wa maneno saba, naye anapata maneno saba. Hatumii nguvu kumnusuru Harry wala hamfutii deni. Anamwambia tu kwamba amedanganywa, na kwamba Mab hawezi kumbadilisha yeye alivyo. Kweli inamrudishia Harry hiari yake, kisha inamwachia kazi yake mwenyewe. Deni kwa Mab liko palepale, na atalitumikia. Ahadi ni deni. Lakini sasa analitumikia mtu anayejua kwamba yeye si mali.

Butcher haachi wazo hili kwa Harry peke yake. Kuna sarafu 30 za fedha alizolipwa Yuda, kila moja ikiwa makao ya malaika mmoja aliyeanguka, na kuna Mashujaa watatu wa Msalaba wanaopigana nao. Kazi yao ya kwanza ni kumwokoa aliyebeba sarafu. Kumuua ni jambo la mwisho. Mmoja wao, Sanya wa Urusi, aliwahi kubeba sarafu mwenyewe kabla ya kukabidhiwa upanga. Hata Lash, kivuli cha malaika aliyeanguka kilichowekwa akilini mwa Harry ili kimshawishi, anaambiwa na Harry kwamba anaweza kubadilika, na katika White Night anajitoa ili kumlinda. Naye Nicodemus, kiongozi wa wabeba sarafu, katika Skin Game anamtoa kafara binti yake Deirdre ili apite lango moja tu. Tofauti ya Sanya na Nicodemus haikuwa uzito wa dhambi. Sanya aliposikia kwamba mlango bado uko wazi, alisadiki.

Nilikuja kuyaona haya kwa macho yangu. Mtoto wa dada yangu alichukua mikopo ya simu, mmoja wa kulipa mwingine, kisha akaanza kubeti akitumaini kuirudisha yote kwa usiku mmoja. Tulipojua, hakuwa tena na hasira wala aibu. Alikuwa ametulia kwa namna iliyotutisha. Alituambia tusijisumbue, yeye ameshaharibikiwa, hata akiacha haitasaidia kitu. Mimi na dada yangu tulilia, tukagomba, tukahubiri. Kaka yetu mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, “Mjomba, unadaiwa. Hujafa.” Halafu akachukua karatasi, wakaanza kuandika madeni moja baada ya jingine.

Kaka yangu hakumlipia yote, na hakumfichia ukubwa wa lile deni. Alilitenganisha na kijana mwenyewe, ambaye alikuwa amezoea kuliita jina lake. Kazi ya kulipa ilikuwa ndefu na bado inaendelea, na kila mwezi ni yeye anayeamua kulipa au kukimbia.

Kwa hiyo nimejifunza kuogopa vitu viwili kwa viwango tofauti. Naogopa mapatano mabaya, na nawaomba vijana wangu waulize kile ambacho hawakuambiwa kabla ya kutia sahihi. Lakini zaidi naogopa ile sauti inayokuja baadaye, ikisema kwamba kwa kuwa ulishajifunga, huna tena la kuchagua. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo, na sauti hiyo inautaka moyo. Mwenzako akiisikia, usimdanganye kwamba hadaiwi. Mweleze kweli yote: hiki ndicho ulichoahidi, hiki ndicho kitakachokugharimu, na hiki ndicho ambacho hakuna aliyekinunua. Kisha kaa naye mpaka achague, na uchaguzi uwe wake.