Pampu Yuko Wapi?



Najua nimekuwa kimya wiki ya tatu sasa. Kuna walionitumia meseji kuuliza kama nimekula disko. Sijala disko bana, nipo hapahapa Mlimani nasukuma gurudumu. Kilichonikwamisha ni kwamba kuna jambo moja nilitakiwa kuliandika, na kila nikikaa naandika jingine, nafuta, naenda zangu kunywa chai. Leo naliandika. Ni refu kidogo, kwa hiyo kama una testi kesho kadese kwanza, halafu urudi. Hilo neno testi mlikumbuke, tutalikuta mbele.

Wanaonifahamu wanajua mambo yangu na baiskeli. Kwa wageni: tuko watano, tulikutana mwaka wa kwanza, na karibu kila Jumamosi tunatoka kuikimbia Dar. Kisarawe tumekwenda, Kigamboni kwa pantoni tumekwenda, Bagamoyo ndiyo usiseme. Hatuna jina, hatuna katiba, hatuna mwenyekiti wala fulana. Tulichonacho ni majina ya utani, na kila mtu anaitwa kwa kile anachobeba safarini. Yule wa Uhandisi ni Spana. Yupo Cheni, anayetembea na kile kidude cha kukatia na kuungia cheni. Yupo Dumu, mbeba maji. Yupo dada mmoja wa Elimu, tunamwita Viraka, maana kopo la viraka, gundi na msasa ni lake. Mimi ndiye Pampu.

Msidhani ilikuwa mbwembwe. Ulikuwa ufukara tu. Bumu likitoka, ukishalipa madeni na kununua mchele wa ghetto, huwezi kununua vifaa vyote peke yako. Basi tukagawana, kila mtu kimoja. Matokeo yake hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kwenda mbali peke yake. Chukulia pancha ya gurudumu la nyuma la Phoenix. Lile halichomoki kwa mkono, lina nati, kwa hiyo unamhitaji Spana. Tyubu ikitoka unamhitaji Viraka. Ikishazibwa unanihitaji mimi. Pancha moja, watu watatu, na Dumu pembeni anawanywesha maji huku akitoa ushauri ambao hakuna aliyemwomba.

Kuhusu mizigo, tulijitengenezea. Chukua dumu la mafuta ya kula la lita 20, likate ubavu mmoja, toboa matundu manne, lifunge pembeni mwa keria kwa mpira wa tyubu kuukuu. Ukiwa nayo mawili, moja kulia moja kushoto, una mabegi ya safari. Na kuna sababu ya kufunga ubavuni badala ya kurundika juu ya keria: mzigo ukikaa chini baiskeli inatulia, ukikaa juu inayumba, na kwenye kilima utaiona rangi yake. Mizani ya pande zote mbili nayo lazima ilingane. Haya yote hatukuyasoma popote, barabara ndiyo iliyotufundisha.

Sasa tuje kwenye kisa. Mwaka jana nilikutana na Mzungu mmoja aliyekuwa anatoka Cairo kwenda Cape Town kwa baiskeli. Alipofika Dar tumbo likamgomea, akaamua kurudi kwao kwa ndege. Nilimsaidia kutafuta boksi la kufungia baiskeli yake, tukazunguka Kariakoo mchana kutwa. Siku ya kuondoka akaniachia mabegi yake mawili ya nyuma pamoja na keria.

Wadau, yale si mabegi, ni nyumba. Ni Ortlieb, ya Ujerumani, jamaa wanaotengeneza mabegi tangu mwaka 1982. Hayakushonwa kwa uzi. Maungio yake yameyeyushwa yakashikana, na mdomo unakunjwa mara tatu halafu unafungwa, maji hayana pa kupita. Yananing'inia kwa ndoano, unayachomoa kwa mkono mmoja kama ndoo. Keria yenyewe ni ya chuma, na mwenyewe alinieleza kwa nini alichagua chuma: ikikatika huko vijijini, fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea anaiunga. Ya alumini ni nyepesi zaidi, lakini ikikatika wengi watakutazama tu.

Basi nikaanza kubadilika. Mwanzoni sikuona. Niliyafunga kwenye mountain yangu ya mtumba, nikawa napita pale Mlimani City taratibu ili watu waangalie. Ndani nikajaza vitu vyangu: viraka vyangu, spana yangu, tyubu ya akiba. Dumu akanitania, "Mkuu, siku hizi umekuwa serikali kamili." Nilicheka, lakini moyoni nilifurahi.

Hayo mabegi ndiyo yaliyonikutanisha na jamaa wa mjini. Hao ni watu wazima wenye kazi zao, baiskeli zao ukiinyanyua kwa vidole viwili inanyanyuka. Mmoja aliyaona mabegi yangu njiani, tukaongea, akanialika: Jumamosi fulani, Dar hadi Morogoro, karibu kilomita 200, siku mbili, kulala Chalinze. Nikasema nakuja, hata sikuangalia kalenda.

Jumamosi hiyohiyo ilikuwa arobaini ya baba yake Viraka.

Mzee alikuwa amefariki ghafla, nyumbani kwao Zinga, njia ya Bagamoyo. Viraka alitangulia siku mbili kabla. Sisi wanne tulikubaliana tutakwenda kwa baiskeli, kama tulivyozoea, tukiwa na kilo 25 za mchele tulizochangishana. Viraka alimwachia Cheni kopo la viraka, akatuambia, "Msichelewe, hitima inaanza saa nne."

Ijumaa jioni nikawaambia wenzangu siwezi kwenda. Nikasema nina testi.

Hakuna aliyeniuliza testi ya somo gani. Spana akasema, "Poa mkuu, kapige kitabu, tutakuwakilisha." Nikaenda chumbani nikafunga mabegi. Asubuhi saa 11 nilikuwa Ubungo na jamaa wa mjini, data nimezima ili nisionekane hewani.

Nataka niwatendee haki wale jamaa. Ni watu wema na wana nidhamu barabarani. Ila utaratibu wao ni tofauti na wetu: kila mtu anajitegemea, ana pampu yake, ana tyubu zake, na safari inakwenda kwa saa. Tulipofika Kibaha nikapata pancha. Mmoja akapunguza mwendo, akauliza, "Una kila kitu?" Nikasema ninacho. "Safi, tukutane Mlandizi." Wakaenda. Hakuna alichokosea, kwa sababu kweli nilikuwa na kila kitu.

Nikakaa chini ya mwembe, nikatoa gurudumu, nikabadilisha tyubu. Nikaingiza mkono kwenye begi kutafuta pampu, nikaitoa. Na hapo ndipo nilipoiona.

Ilikuwa ni pampu yetu. Ile ya watano, yenye mpini uliofungwa plasta nyeusi alipoudondosha Cheni kule Kisarawe. Sikuwahi kununua yangu. Katika vifaa vyote nilivyojitosheleza navyo, hiyo moja sikuifikiria kabisa, kwa sababu ilikuwa inakaa kwangu siku zote na nilishazoea kuiona yangu.

Nikawasha data. Kwenye grupu letu meseji zilikuwa mbili. Ya kwanza ya Spana, saa 12 asubuhi: "Pampu iko wapi?" Nikajua ameulizia kifaa. Ya pili ya Viraka, saa moja na nusu, kutoka Zinga: "Pampu yuko wapi?"

Herufi mbili tu. Mwalimu wangu wa Kiswahili angesema ni upatanisho wa ngeli. Mimi pale chini ya mwembe nilishindwa kuijibu yote mawili.

Niliujaza upepo, lakini Mlandizi sikwenda. Niliwatumia jamaa wa mjini ujumbe kwamba nimepata dharura, nikageuza, nikashika njia ya Vikawe, ile inayotoka Kibaha kwenda kutokea Mapinga kwenye barabara ya Bagamoyo. Ni kama kilomita 23. Kuna vipande mchanga ulinishusha nikasukuma, na yale mabegi ya Ujerumani siku hiyo niliyaona mazito kama magunia ya chumvi.

Wenzangu nao yaliwakuta. Walipokaribia kuimaliza Bunju, tairi la nyuma la Spana, lililobeba mchele, likaingia msumari. Walitoa gurudumu, wakaziba tyubu vizuri kabisa, kiraka kikashika. Upepo ndio hawakuwa nao. Kituo cha mafuta walikikuta, lakini bomba la pale linaingia kwenye tyubu zenye mdomo mnene kama wa gari, kama za mountain yangu. Phoenix mdomo wake ni mwembamba, haliingii. Pampu yetu ndiyo ilikuwa na kichwa kinachogeuka, huku unajaza mountain, huku Phoenix. Wakasukuma baiskeli na mchele wake hadi walipopata fundi Mapinga.

Kwa nini hawakupakia mchele kwenye daladala? Nimejiuliza sana. Cheni aliniambia baadaye, "Tulisema Pampu angekuwepo tusingepanda daladala, kwa hiyo tusukume tu, kidogo kidogo tutafika." Walifika. Mchele wetu uliingia Zinga wakati masufuria yanaoshwa.

Mimi niliingia nusu saa baada yao. Na hapa ndipo pabaya zaidi. Kwa kuwa nilitokea Mapinga, njia niliyokuja nayo kwa macho ya watu ilikuwa ileile ya kutoka Dar. Dumu aliponiona akapiga kelele, "Testi imeahirishwa?" Nami, Mungu anisamehe, nikasema ndiyo.

Wakanishangilia. Ona huyu, testi imeahirishwa akapanda baiskeli moja kwa moja, hakupumzika. Viraka akalia kidogo. Mama yake akaniletea sinia la pilau, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniwekea mkono kichwani akasema, "Mungu akufaulishe huo mtihani wako, mwanangu." Nikaitikia amina. Ile pilau niliimeza tonge kwa tonge kama dawa.

Spana alipokuwa ananisaidia kusogeza baiskeli kivulini aliyapima yale mabegi kwa mkono. Akaniangalia. "Mkuu, testi gani hii ya kwendea na blanketi?" Akacheka, nami nikacheka, basi. Hajaniuliza tena.

Sasa juzi tumekaa pale kwa mama lishe, Dumu akatoa hoja: bumu lijalo kila mtu anunue pampu yake, tusiumbuke tena. Wote wakakubali. Ni hoja nzuri, na kwa safari ndefu hata wazoefu watakwambia pampu moja kwa watu watano ni kucheza kamari. Mimi peke yangu nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu walikuwa wanatibu ugonjwa usiokuwepo. Pampu yetu ilikuwa nzima kabisa siku ile, ina kichwa chake na plasta yake. Mbovu alikuwa Pampu.

Spana, Cheni, Dumu, najua huwa mnasoma hapa mkiwa mnakwepa kazi. Viraka, najua wewe unasoma halafu unajifanya hujasoma. Sikuwa na testi. Haikuahirishwa testi yoyote. Nilikuwa nakwenda Morogoro na watu wengine siku ya arobaini ya mzee wako, na pampu yenu nikaondoka nayo. Mama naye nitamfuata mwenyewe Zinga kumwambia, maana yeye blogu hasomi, na dua yake nimeibeba bure.

Nunueni pampu nyingine, mimi nitachangia. Lakini ile ya zamani sitaki tena ikae chumbani kwangu kama mali yangu. Jumamosi saa 11 alfajiri nitakuwa getini nayo mkononi, pamoja na mabegi. Mabegi yapo mawili, tunaweza kuyabeba kwa zamu. Atakayechaguliwa kubeba pampu aichukue, na kama jina nalo linahama, lihame. Mkiona bado nafaa kubeba kitu, hata dumu la maji nitabeba.

Na mkiona sifai, niambieni palepale getini, nirudi nikadese. Safari hii kweli nina testi, Jumatatu, saa mbili asubuhi.

Tuonane, wadau. Alamsiki.