Kununua kwa Mdomo

Kuna watu Nairobi hii wanaoweza kukwambia uzito wa kamera ambayo bado haijatoka kiwandani. Nawajua vizuri, mimi ni mmoja wao. Kamera yenyewe hatuna, pesa yake hatuna, na wengine wetu hatutawahi kuishika. Lakini tuulize betri itakuwa gani, ama sensa itakuwa na megapikseli ngapi (sensa ya kunasa mwanga, si ile ya kuhesabu watu), na tutabishana mpaka chai ipoe kwenye vikombe.

Msimu mtamu zaidi niliowahi kuuona ni ule wa mwisho wa 2023 kuingia Februari 2024, tukingoja mrithi wa Fujifilm X100V. Kama huijui hii familia, ni kamera ndogo yenye sura ya kizamani, lenzi moja tu isiyotoka, na vidude vya kuzungusha juu kama redio ya babu. Ya kwanza ilitangazwa 2010 kule Cologne, ikaingia sokoni 2011. Kwa miaka mingi ilikuwa kamera ya wazee wa picha za mtaani. Ikaja X100V mwaka wa 2020, na kufikia 2022 vijana wa TikTok walikuwa wameigundua. Kamera iliyouzwa dola 1,399 ikiwa mpya ikaanza kuuzwa mtumba kwa bei inayopita hiyo. Mtumba ghali kuliko mpya! Hiyo hata Gikomba hawajaiweza.

Kikao chetu kilikuwa duka la kuprinti picha, ghorofa ya tatu, karibu na River Road. Mwenye duka tunamwita Mzee ingawa arobaini hajafika. Kuna jamaa wa harusi, kuna kijana mmoja wa chuo anayekuja kula Wi-Fi, na mimi, ninayeishi kwa kuandikia watu maelezo ya bidhaa zao. Chuo niliacha mwaka wa tatu, karo ilipokataa kabisa kupatikana. Nilikuwa nasomea takwimu. Nalitaja hilo kwa sababu ndilo lililonipa cheo pale kwenye benchi: mimi ndiye mwenye daftari.

Daftari lilikuwa na safu tatu. Nani amesema, amesema nini, na kuna karatasi gani nyuma yake. Maana tetesi si kitu kimoja. Kuna ile ya "nimesikia". Kuna ile ya picha yenye ukungu, imepigwa na mtu ambaye mkono unamtetemeka, na nimejiuliza mara nyingi kwa nini watu wa kamera hawawezi kupiga picha ya kamera. Halafu kuna ile ya serikali. Kamera ya siku hizi ina Wi-Fi na Bluetooth, kwa hivyo kisheria ni kifaa cha redio, na katika nchi nyingi kifaa cha redio huandikishwa na mamlaka ya mawasiliano kabla ya kuuzwa. Baadhi ya rejista hizo ziko wazi kwa umma. Kampuni inaweza kumficha kila mtu, ila karani haimfichi. Unachopata ni nambari tu, bila jina wala picha, lakini nambari hiyo inakwambia kuna kitu kweli kiko njiani.

"Siste, hiyo tia kwa safu ya tatu," Mzee angesema, na mjadala ungebadilika sauti, kama mahakamani shahidi mzuri akiingia.

Ubishi wa jina peke yake ulitula wiki mbili. Fujifilm walikuwa wameanza na X100 tupu, kisha S ya pili, T ya tatu, F ya nne, zote kwa hesabu ya Kiingereza, halafu ya tano wakarukia V ya Kirumi. Sasa ya sita? Sita kwa Kiingereza inaanza na S, na S ilishatumika. Kijana wa chuo akasema wataita X100VI. Tulimcheka, tukamwambia hilo si jina, ni mfalme wa Uingereza.

Ila kwangu utamu ulikuwa kwenye lenzi. Tetesi mbili zilikuwa zimetulia: sensa ya megapikseli 40, ile iliyokuwa tayari ndani ya X-T5, na mfumo wa kutuliza mtikisiko ambao familia hii haikuwahi kuwa nao. Tatizo ni kwamba mfumo huo unafanya kazi kwa kuielea sensa, iteleze huku na huku kupinga mkono wako. Inahitaji nafasi. Na mwili wa X100V ulikuwa umejaa kama matatu ya saa kumi na mbili jioni: kichujio cha kupunguza mwanga kiko ndani, shata iko ndani ya lenzi, kitundu cha kuchungulia kina kioo na skrini pamoja. Ukiisogeza sensa nyuma, lenzi nayo ifuate. Jamaa wa harusi aliapa watachora lenzi mpya. Mimi nikasema hapana. Lenzi ile ilikuwa imechorwa upya juzi tu, 2020, na kampuni haitupi kifaa cha miaka minne chenye gharama namna hiyo. Wataongeza mwili unene kidogo. Niliandika kwenye daftari: lenzi ileile, mwili mnene zaidi.

Mamangu aliwahi kuniuliza kwenye simu, "Na hiyo kamera mnayoongelea kila siku, itakulipa?" Nikamwambia, mama, hata sitainunua. Alinyamaza muda mrefu, nikajua anafikiria ile karo. Sikujua nimwelezeeje kwamba kwenye benchi lile ndipo pekee mtu alikuwa ananiuliza, "Wewe unaonaje?" na kungoja jibu. Chuoni nilijifunza uwezekano kwa mifano ya sarafu na mipira ya rangi. Hapa nilikuwa naupima juu ya kitu ambacho watu watatu walikuwa wanakitaka hadi tumboni.

Na kulikuwa na tetesi nyingine, ambayo wapenda kamera wa Tokyo na New York hawakuwa nayo. Shilingi. Januari dola moja ilikuwa inagusa 160. Tukisema kamera itauzwa dola 1,600 hivi, hiyo ni laki mbili na nusu na ushee kabla hujamtuma mtu Dubai, na ukiweka VAT ya asilimia 16 unaikaribia laki tatu. Kila mtu mjini alikuwa anabashiri kama Kenya itaweza kulipa ile Eurobond ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 nyingine ili ianze kuinunua ile ya zamani, na shilingi, manze, ikaamka. Kwa siku chache ikawa karibu 145. Kamera ambayo haijatangazwa ilikuwa imeshuka bei kwa zaidi ya elfu ishirini tukiwa tumekaa tu.

Jamaa wa harusi hakungoja hilo. Yeye alikuwa na X100V, aliinunua kabla ya wazimu wa TikTok, na harusini ilikuwa kamera yake ya pili, ile ya kupiga mashangazi wakicheka bila wao kujua. Hesabu yake ilikuwa safi. Mpya ikitangazwa, ya zamani itashuka. Kwa hivyo uza sasa, bei ikiwa juu, ngoja mpya. Januari akaiuza kwa faida. Aliuliza daftari linasema nini kuhusu tarehe, nikamwambia Februari ina karatasi ya kutosha. Ilikuwa kweli.

Tarehe 20 Februari ilikuwa Jumanne. Walitangaza kutoka Tokyo, kwetu ikiwa asubuhi, sote macho kwenye simu ya Mzee kwa sababu ndiyo yenye skrini kubwa. Jina: X100VI. Kijana wa chuo alizunguka duka zima mikono juu. Megapikseli 40.2. Mtikisiko unatulizwa. Lenzi ileile. Mwili umenenepa milimita mbili, uzito umetoka gramu 478 hadi 521. Bei dola 1,599. Mzee alichukua daftari, akapiga muhuri wa duka kwenye ukurasa wangu, PAID, kwa sababu huo ndio muhuri aliokuwa nao.

Kitu ambacho hakikuwa kwenye safu yoyote ni kwamba kamera ingekosekana. Dunia nzima ilikuwa inaingoja, na maagizo yalirundikana kwa miezi. Toleo maalum la kuadhimisha miaka 90 ya kampuni lilikuwa vipande 1,934 tu, kwa sababu ilianzishwa 1934. Jamaa wa harusi alikuwa na pesa mfukoni na hakuna wa kumpa. Aprili, mvua zile za mafuriko zikipiga, shata ya kamera yake kubwa ikafa Ijumaa jioni. Jumamosi alikuwa na harusi Machakos. Zamani angetoa ile ndogo mfukoni na kazi ingeendelea. Alipiga simu kumi na moja akitafuta ya kuazima, akapata saa nne usiku, lenzi isiyoendana. Bibi harusi walimpa mwingine. Deposit ilirudishwa, na deposit ilikuwa imeshalipa rent.

Mzee alisema huko ndiko kununua kwa mdomo. Mimi sikukubaliana naye, na bado sikubaliani. Jamaa alifikiria vizuri kuliko watu wengi wenye suti wanaofikiria juu ya dola. Alichokosa ni kamera ya akiba, na akiba ni ya mtu mwenye zaidi ya riziki moja.

Julai alinunua kamera ya mtumba, si Fujifilm, kubwa, nzito, haina sura. Aliileta dukani tuione. Tukaigeuzageuza kwa adabu, kama mtoto wa jirani. Mzee akasema ni kamera ya kazi. Hakuna aliyekuwa na swali.

Kisha jamaa akavuta stuli, akaniangalia. "Sasa siste," akasema, "hiyo ya saba, wameanza kusema nini?"

Nikatoa daftari.