Mdeki wa Mwanzi: Gobore, Usafi Wake na Sheria Yetu

Kila Jeshi la Polisi linapotangaza kipindi cha kusalimisha silaha kwa hiari, picha zinazofuata magazetini hufanana: magobore yamepangwa chini kwa safu, viongozi wamesimama nyuma yake, na idadi inatajwa. Sina ugomvi na zoezi hilo. Silaha isiyo na leseni ni hatari, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 iko wazi. Hata hivyo, kuna kitu ambacho sijapata kukiona katika picha hizo, nacho ni vifaa vya kusafishia. Naamini vifaa hivyo vinatueleza juu ya mwenye gobore mambo ambayo idadi haiwezi kutueleza.

Nimekulia katika kijiji kimoja juu ya Tukuyu, kwenye miteremko ya Mlima Rungwe. Babu yangu mzaa mama alikuwa na gobore lenye leseni, la kulindia mahindi dhidi ya nguruwe pori na nyani. Vifaa vyake vya kulisafishia vilikaa katika mfuko mmoja wa ngozi, na hakuna hata kimoja kilichonunuliwa kwa kazi hiyo. Kulikuwa na mdeki wa mwanzi uliokomaa, ulionyooshwa kwa moto, wenye alama mbili zilizochongwa kwa kisu: moja ya kina cha mtutu ulio mtupu, nyingine ya kina cha mtutu ulioshindiliwa. Kabla ya jambo lolote, mdeki ulitumbukizwa. Alama ya mtutu mtupu ikibaki nje ya mdomo, basi kuna kitu ndani, na sisi wajukuu tuliamriwa kuondoka uani.

Ncha ya mdeki ilichanwa ili ishike kitambaa cha shuka kuukuu, kikafungwa kwa uzi wa mgomba. Spoki ya baiskeli iliyonolewa ilizibua tundu la fataki. Unyoya wa kuku ulipaka mtambo mafuta ya ng'ombe yasiyotiwa chumvi. Na siku zote kulikuwa na sufuria ya maji ya moto.

Maji ya moto yana sababu yake. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na salfa, nayo haiungui yote ikaisha. Sehemu kubwa hubaki kuwa masizi na chumvi, na chumvi hizo huvuta unyevu. Tukuyu, ambako mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, mtutu ukilala mchafu usiku mmoja, kutu imeshaanza. Maji ya moto huyeyusha chumvi, kisha huacha chuma kikiwa na joto la kukikausha. Masizi yakiachwa yagande, huweza pia kuficha cheche inayowasha baruti mpya wakati inamiminwa. Gobore chafu humgeukia mwenye kulishika.

Tujiulize pia kwa nini mkulima wa Rungwe alibaki na bunduki ya namna hii. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa katika eneo kubwa la Afrika, lakini ukaacha mwanya kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ya biashara. Dola za Ulaya zilijiwekea bunduki za kisasa na bombomu. Mwafrika akaachiwa silaha ya kushindilia. Miaka 15 baadaye, wapiganaji wa Majimaji walielewa maana ya tofauti hiyo. Kwa hiyo gobore si ushahidi wa ukaidi wa mwanakijiji. Alilipokea kwa masharti ya wengine, akalitunza kwa mwanzi na unyoya.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Kusafisha gobore ni kazi ya mchana, ya uani, yenye moto, maji na muda. Haifanyiki kwa siri. Mtu anayeogopa gharama na safari za leseni, na wakati huohuo anaogopa kupoteza shamba, hulificha gobore darini. Kuanzia siku hiyo mdeki hautumbukizwi tena. Gobore linalala na baruti ndani, linaota kutu, na siku moja mtoto analikuta. Sheria inayomsukuma mwananchi kuficha silaha bila kumwondolea sababu ya kuwa nayo inaifanya silaha hiyo kuwa ya hatari zaidi.

Na sababu hiyo ipo hadi leo. Mashamba ya Rungwe yanapakana na msitu, na msitu huo ni makazi ya kipunji, tumbili aliyejulikana kwa wanasayansi mwaka 2003 tu. Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilihesabu kipunji 1,117. Tuna wajibu wa kuwalinda, lakini mama aliyepoteza mahindi ya msimu mzima hawezi kuambiwa tu kwamba mnyama huyo ni hazina ya taifa.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila zoezi la kukusanya magobore katika vijiji vinavyopakana na hifadhi liende pamoja na mpango wa kulinda mazao: askari wa wanyamapori anayefikika, na kifuta jasho kinachofika kabla ya msimu mwingine wa kupanda. Pili, anayesalimisha gobore aulizwe kwa utulivu alikuwa analitumia kwa nini na analitunzaje, na majibu yaandikwe. Mtu aliyetunza chuma kwa miaka 40 kwa spoki ya baiskeli anaujua mpaka wa msitu na shamba lake kuliko wengi wetu tunaouandikia taarifa tukiwa mjini.