Mzee wa Kahawa Asiyekanyaga Chini

Mara ya kwanza nilimchora kwa penseli, nyuma ya daftari la hesabu: mzee wa kahawa, kanzu nyeupe hadi vifundoni, kofia ya viua, dele mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia. Mama alipomwona tu akamtaja mtu wa mtaani kwetu kabla sijamwambia ni nani. Nikavimba kichwa, nikadhani kazi imekwisha.

Gemu niliyoitaka haikuwa na makuu: mzee apite vichochoroni auze kahawa kabla makaa hayajazimika. Nikajipa mraba wa vitone 32 kwa 32, nikamwingiza humo. Viua vya kofia vikawa madoa. Pua, mdomo na ndevu vikagombania vitone vichache. Hapo ndipo nilipomwelewa Shigeru Miyamoto, aliyembuni Mario: Mario alipotokea katika gemu ya Donkey Kong, mwaka 1981, alipewa masharubu ili mdomo usichorwe, na kofia ili nywele zisimsumbue mchoraji. Miaka yote nilidhani ni mapambo! Basi wangu nikamwachia ndevu nyeupe, mdomo nikaufuta.

Taabu yenyewe ilikuwa kanzu. Mtu akitembea, jicho linafuata miguu: mmoja mbele, mwingine nyuma, inapishana, mwili unashuka na kupanda. Kanzu inaficha yote hayo. Nilichora fremu 8 za hatua, nikaziendesha, na mzee akapita kwenye skrini kama kabati linalosukumwa. Mdogo wangu alicheka hadi akakaa chini. "Kaka, huyu jini. Hakanyagi chini."

Nikamvisha suruali. Akatembea vizuri, ila akawa kijana yeyote wa stendi. Nikajaribu kikoi kilichopandishwa magotini, akawa mvuvi.

Nilikuwa nimesoma kwamba Jordan Mechner, alipokuwa akitengeneza gemu ya Prince of Persia iliyotoka 1989, alimrekodi mdogo wake David akikimbia na kuruka, kisha akazifuata picha hizo moja moja. Nami nikamwita huyo mcheshi wangu, nikamvisha kanzu ya Idi, nikamrekodi kwa simu akipita uani na birika lililojaa maji.

Nilipoitazama video hiyo polepole, nikaona nilichokuwa nikikiruka. Kanzu haiendi pamoja na mguu. Goti linatangulia kuisukuma, pindo linabaki nyuma. Mguu ukishatua ndipo pindo linafika, linapitiliza kidogo, linarudi. Na mkono wenye birika haubembei hata kidogo. Bega limelemea upande huo, na mkono wa pili ndio unaohangaika.

Nikaanza upya. Miguu sikuichora kabisa, ila ncha za makubadhi zikichungulia kwa zamu. Pindo nikalichelewesha fremu moja, basi. Mzee akakanyaga chini.

Nikamwonyesha Mama. Akatabasamu mzee alipokwenda kulia. Aliporudi kushoto na kumkaribisha mteja, Mama akakunja uso. "Mwanangu, huyu anampa mtu kikombe kwa mkono wa kushoto?"

Kweli. Ili kujiokolea kazi, nilikuwa nimezipindua fremu zilezile kama kwenye kioo, na kila akigeuka, dele na vikombe vikabadilishana mikono.

Nikarudi mezani kuchora upande wa pili, fremu zote 8.