Zoezi la akili kwa sisi waandika programu

Wiki hii seva ya mteja imezimika usiku mara tatu, nami niko hapa Gatitu, usingizi hakuna. Ndugu msomaji, kabla sijagusa kibodi hufanya hivi: nakandamiza miguu sakafuni, natoa pumzi polepole, kisha nataja ninachokiona na kukisikia. Kwa kawaida ni mbwa na lori la Nyeri! Hitilafu haiondoki, ila naweza kuzisoma kumbukumbu za seva mstari kwa mstari.

Zoezi limo katika kijitabu cha Shirika la Afya Duniani cha 2020. Mafunzo yake, yaliyorekodiwa kwa sauti, yalijaribiwa Uganda kwa wakimbizi wanawake wa Sudan Kusini. Miezi 3 baadaye, msongo wao ulikuwa umepungua kuliko wa wenzao wasioyapata.