Je, Maziwa ni Taaluma Yangu?

Mchagua jembe si mkulima, walinena wahenga. Nami nakubali, maadamu jembe lenyewe ni la msimu mmoja. Je, la maisha? Hilo, wasomaji wapenzi, sharti mtu aligeuzegeuze mkononi kabla ya kulitia begani.

Sisi wa kidato cha nne tumeanza kuwazia kozi za chuo kikuu. Nilipotamka kwamba naifikiria shahada ya teknolojia ya maziwa, bweni zima liliangua kicheko. "Eti miaka minne ya kusomea kukama? Si hata nyanya yako anajua!" Baba hakucheka, ila alikunja uso. Yeye ataka niwe daktari wa mifugo. "Karo yako itatoka kwa ng'ombe hawa," akasema. "Usiniletee shahada nisiyoweza kuwaeleza majirani."

Maneno hayo yalinikaa kooni. Kwetu Nandi, maziwa ndiyo karo. Mwaka jana, wakati wa mvua, gari la kuyachukua lilikwama matopeni hadi mchana. Kituoni, karani alichanganya maziwa kidogo na spiriti. Yakagandana papo hapo. Lita 18 zikarudishwa nyumbani. Mama aliyatazama bila neno. Na ng'ombe wetu alikuwa mzima kama kigongo! Sasa daktari wa mifugo angetibu nini hapo?

Kazi ya teknolojia hii huanza maziwa yakishatoka kiweleni. Bakteria huzaana upesi maziwa yakiwa na joto. Yakipozwa hadi nyuzi 4 hivi, kasi yao hupungua sana. Kiwandani maziwa hupashwa moto hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15, kisha yakapozwa haraka. Hata mursik ya nyanya, inayogandia ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa senetwet, ni kazi ya bakteria, ila hao ni wema. Kumbe nyanya ni mtaalamu asiye na cheti!

Mwalimu wetu wa Kemia hakunisifu wala kunivunja moyo. "Kiwandani, siku nyingi ni kupima na kuosha, kuosha na kupima. Utastahimili?"

Likizo ya Agosti nilijipima. Nilitia maziwa ya jioni katika chupa mbili safi, moja nikaitumbukiza katika ndoo ya maji baridi, nyingine nikaiweka karibu na meko. Usiku kucha niliamka kuzinusa na kuandika daftarini. Ya mekoni ilichacha kwanza. Nilirudia usiku wa pili na wa tatu, wala sikuchoka. Lakini daktari alipokuja kumzalisha ng'ombe wa jirani, miguu yangu ilinipeleka nyuma ya ghala.

Nilimkumbusha baba zile lita 18. Alinyamaza kitambo. "Kwani kuna watu husomea gari kukwama?"

"La, baba. Husomea maziwa yasiharibike likikwama."

Akatikisa kichwa, akacheka. Nimeiweka kozi hiyo ya kwanza, katika Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro. Yaliyobaki ni Kemia, Bayolojia na Hesabu.

Wenzangu, msiulize tu jina la kozi litasikika vipi kijijini. Ulizeni mtakuwa mkifanya nini saa nne asubuhi, siku ya kawaida, bila wa kuwapigia makofi.