Wiki moja kando ya mfereji: Sisi wanne na mji mdogo wa Sweden

Nianze kwa kukiri: mimi nilitaka Paris. Visa ya Schengen si inafika mpaka huko? Baba watoto alipopiga simu kutoka Linköping, Sweden, alikokuwa anasoma shahada ya uzamili, nilikuwa nimeshapanga kila kitu. Stockholm siku mbili, Copenhagen siku mbili, Paris siku tatu, picha kibao. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema taratibu: “Mama, huyo mdogo ananiita Baba wa Simu. Watoto wanataka kuniona mimi, sio mnara.”

Nikanyamaza. Ni kweli, miezi 11 ni mingi kwa mtoto wa miaka mitatu. Kwake baba alikuwa ni sura kwenye kioo cha simu, inayoganda mtandao ukisumbua. Kaka yake wa miaka saba alikuwa anakumbuka. Yeye hapana.

Ndipo tukachagua Söderköping, mji wa wakazi kama 7,000, uliopo kando ya Mfereji wa Göta, siyo mbali na Linköping. Kwa kweli sikuwahi kuusikia. Leo nikikutana na wanandoa wanaopanga safari ya Ulaya na watoto wadogo, nawaambia waanzie na mji wa aina hii.

Mfereji wenyewe
Mfereji wa Göta una urefu wa kilomita 190, na kati ya hizo kilomita 87 zilichimbwa na binadamu. Sehemu iliyobaki ni maziwa. Kazi ilianza mwaka 1810 chini ya Baltzar von Platen, na wanaume wapatao 58,000, wengi wao askari, walipita kwenye kazi hiyo. Ulifunguliwa mwaka 1832 pale Mem, kilomita chache tu kutoka Söderköping. Masikini, von Platen mwenyewe hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 1829. Kaburi lake lipo Motala, kando ya mfereji huohuo.

Njiani kuna vyumba 58 vya maji vyenye milango mikubwa. Boti inaingia, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanaongezwa au yanapunguzwa, boti inapanda au inashuka, kisha mlango wa mbele unafunguliwa. Basi. Mtu mzima anaangalia mara moja anaridhika. Mtoto anataka tena na tena, na kuangalia ni bure.

Mambo ya visa, msicheze nayo
Tulisafiri Juni 2025, shule zikiwa zimefungwa. Maombi ya visa hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Msisubiri mwisho. Mtu mzima analipa euro 90, mtoto wa miaka 6 hadi 11 euro 45, wa chini ya hapo halipi. Mnatakiwa kuwa na bima ya safari inayofikia angalau euro 30,000 kwa kila mtu. Na kama unasafiri na watoto bila mwenzako, kama mimi, uwe na barua ya ridhaa ya mzazi wa pili. Ya kwetu ilinichelewesha wiki nzima kwa sababu nilidhani mambo ya mume na mke hayahitaji barua. Yanahitaji, shosti.

Kufika na kulala
Kutoka Stockholm unapanda treni mpaka Norrköping, safari ya saa moja na zaidi kidogo. Tiketi ikikatwa mapema inakuwa nafuu. Kutoka hapo ni basi mpaka Söderköping. Beba kadi ya benki inayofanya kazi nje ya nchi. Sweden pesa taslimu zinakaribia kusahaulika, na hata kwenye basi noti yako haina kazi.

Kwa familia, hosteli zenye jiko la pamoja zinaokoa hela nyingi. Kumbuka mashuka na usafi wa siku ya kuondoka mara nyingi havimo kwenye bei, kwa hiyo sisi tulibeba mashuka yetu. Asubuhi uji na mkate, mchana tunakula mgahawani, maana siku za kazi kuna chakula maalumu cha mchana chenye saladi, mkate na kahawa ndani ya bei. Jioni napika mwenyewe. Maji ya bomba yanakunywewa bila wasiwasi.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia: Juni jua linazama karibu saa nne usiku, na saa kumi alfajiri limeshatoka. Watoto waligoma kulala. Usiku wa pili nilitundika kanga mbili dirishani, tukapona. Beba na sweta, hata kama ni kiangazi. Ijumaa ya sikukuu yao ya katikati ya kiangazi maduka mengi hufungwa, hivyo nunua chakula jana yake.

Siku zetu
Hatukuwa na ratiba. Asubuhi tunatembea kwenye njia ya kando ya mfereji, ambako zamani maksai na farasi walivuta boti kwa kamba. Sasa hivi ni ya waenda kwa miguu na baiskeli, na kigari cha mtoto kinapita vizuri. Mchana tunapanda ngazi za kilima cha Ramunderberget, mji wote unauona chini: paa nyekundu, mfereji, na kanisa la Mtakatifu Laurentius, ambako Mfalme Birger alivishwa taji mwaka 1302. Jioni ni aiskrimu. Mji huu unajulikana kwa aiskrimu kubwa kiasi kwamba wawili mnagawana moja, na bado mnashindana.

Siku moja tulienda Berg, karibu na Linköping, ambako vyumba saba vimepangwa kama ngazi na boti inashuka karibu mita 19 mpaka ziwa Roxen. Tahadhari: kingo ni za mawe, maji ni ya kina, na sehemu nyingi hazina uzio. Mkono wa mtoto usiuachie.

Ndiyo ilivyokuwa siku ya nne. Mpaka hapo mdogo alikuwa anamwangalia baba yake kwa mbali, kama mgeni mwenye zawadi. Baba wa watu hakumlazimisha, lakini usiku nilimsikia akigeukageuka kitandani. Tulikuwa kwenye chumba cha maji pale mjini, kijana wa kazi za kiangazi akafungulia, maji yakanguruma. Mdogo akashtuka, akakimbilia mguu ulio karibu. Ulikuwa wa baba yake. Aliung'ang'ania mpaka boti ikatoka. Tukasubiri boti ya pili, na ya tatu. Kaka yake akalalamika njaa, hakuna aliyemjali.

Kwa hiyo, msomaji wangu, kabla hamjakata tiketi kaeni chini na mwenzako mjiulize: tunaenda kuona nini hasa? Kama jibu ni kuonana, chagueni sehemu moja ndogo, mkae siku nyingi, mtembee kwa miguu. Kwa gharama ya miji mitatu, sisi tulipata wiki nzima ya kusubiri boti.

Paris ipo, haihami. Uwanja wa ndege wakati wa kuagana, mdogo alilia akimuita baba. Baba tu, bila ya simu.